Jiwe Nililolipaka Chokaa

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo mbili, ya lango na ya stoo. Ya stoo haifungi chochote tangu kufuli lilipoota kutu, lakini imo kwenye orodha, kwa hivyo niliikabidhi na mwenzangu akatia sahihi. Mlinipikia chai, mkanipa blanketi na saa ya ukutani, mkaniimbia. Halafu mmoja wenu, mandazi bado mdomoni, akasema, "Mama, si utuandikie hata kidogo vile kazi ilikuwa zamani?" Nikajibu "sawa" kabla sijafikiri. Hiyo ndiyo tabia yangu tangu usichana. Ilinitia taabuni mara moja kubwa, na hiyo mara ndiyo nimeona niwaandikie.

Za vyeo sitaandika. Nilianza na slasha ya kukatia nyasi nikamaliza na funguo, na katikati hakuna hadithi ndefu. Za mshahara pia sitaandika, huo mnaujua wenyewe.

Nyinyi mmekikuta kilima kikiwa na ua wa waya, vibao na choo cha maji. Nilipofika mimi, Uhuru ulikuwa bado unanukia rangi mpya, na "bustani" lilikuwa neno la ofisini tu. Hapa juu palikuwa na njia moja ya udongo mwekundu iliyopanda kutoka nyuma ya soko, mikaratusi, na nyasi zilizofika kiunoni. Palikuwa na msingi wa mnara wa walinzi, mawe tu, mnara wenyewe ulishabomolewa. Palikuwa na handaki, ule mtaro mrefu unaozunguka kilima, ambao wanawake wa vijiji vyetu walichimbishwa na wakoloni wakati wa Hali ya Hatari ili watu wa msituni wasipite. Na pembeni ya handaki, upande unaotazama Nyandarua, palikuwa na jiwe kubwa jeusi kupita kimo cha mtu. Asubuhi ukigeuka upande wa pili unaona mlima Kirinyaga umesimama wazi na theluji yake, na chini yako mji wa Nyeri ukitoa moshi wa chai. Mpaka leo sijachoka kuutazama huo moshi.

Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kanisani na cheti cha darasa la saba kilichokunjwa mara nne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyapara wetu alikuwa Mzee Wafula, mtu wa upande wa Bungoma aliyekuja Nyeri na kazi ya barabara akasahau kurudi. Alivaa kabuti hata saa saba za mchana. "Baridi ya hapa haiko na adabu," alisema, "inaingia bila kubisha." Alikitazama cheti changu, akatazama viatu, akanirudishia cheti.

"Umesoma mpaka wapi?"

"La saba, Mzee."

"Unajua kunoa slasha?"

"Hapana."

"Basi leo unaanza la kwanza."

Akanipa tupa. Hilo la kwanza nalipitisha kwenu jinsi nilivyolipata: slasha hunolewa upande mmoja, tupa ikisukumwa kwenda nje, kamwe isirudi ndani. Kisha usikilize. Slasha kali hukata nyasi kwa sauti ya kitambaa kinachochanika. Butu hupiga makofi tu, na nyasi husimama tena ukishapita. Siku hizi mna mashine yenye petroli, ambayo haiwezi kusikilizwa kwa sababu ya kelele zake, na ninaona wazi kwamba haipendi mawe.

Tulikuwa pia na wilbaro moja ambayo gurudumu lake lililia kama mbuzi aliyefungwa. Nilimwomba Mzee mafuta. Akakataa. "Ikinyamaza," akasema, "nitajuaje kama unafanya kazi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi nilikuwa mwotaji. Niliona kilima kile kikijaa wageni kutoka kila pembe ya dunia, na mimi nimesimama mbele yao na sketi ya bluu, nikieleza. Kwa kuwa wageni hawakuwepo, niliwaeleza miti. Siku moja Mzee alinikuta nimeinua mkono, nikisema, "Mabibi na mabwana, mkitazama kulia kwenu..." Akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza.

"Wamejibu?"

"Nani, Mzee?"

"Hawa," akaonyesha mikaratusi. "Ama wanataka kuuliza maswali?"

Lakini ni yeye aliyenifundisha kazi ya wageni pia, ingawa yeye mwenyewe hakuongea nao sana. Aliniambia mtu akifika juu usimsemeshe mpaka apumue. Mwache atafute mahali pa kuweka mkono. Na akaniambia kwamba wako wanaokuja kuangalia mlima na wako wanaokuja kuangalia chini. "Wa mlima, waonyeshe mlima. Wa chini, wewe chukua wilbaro uende mbali." Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni ile tabia yake ya kupenda kimya.

Mwaka wangu wa kwanza, wiki ile ambayo watu wanang'oa maharagwe, alipanda mwanamke mmoja mzee akiwa peke yake. Alishika fimbo mkono mmoja na kibuyu mkono wa pili. Macho yake yalikuwa na ukungu. Baadaye nilijua kwamba aliona mwanga na vivuli tu. Nilimwacha apumue kama nilivyofundishwa. Kisha nikashindwa kujizuia, nikamwendea na kumsalimia kwa Kikuyu, lugha yetu sote wawili, nikimwita Cucu, yaani nyanya.

"Cucu, mlima uko upande ule mwingine. Leo umefunguka vizuri sana!"

Akacheka. "Mlima ule niliuona kabla mama yako hajazaliwa. Nenda ukaulinde, mwanangu, usitoroke."

Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe kubwa, akakaa chini yake akiliegemea, mkono wake mmoja umelishika kwa nyuma. Alikunywa uji kidogo kutoka kwenye kibuyu na kumwaga kidogo chini. Akakaa hivyo mpaka jua lilipogeuka. Nilitaka sana kwenda kumuuliza. Nikasikia wilbaro inalia nyuma yangu, Mzee Wafula anaisukuma yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Akaniachia mikono ya wilbaro. "Huyo ni wa chini," akasema. Nikaenda mbali.

Aliposhuka alinipitia, akanigusa shavu, akaniambia anaitwa Wangeci na kwamba ametoka Kutus, alikoolewa. Hakuniambia zaidi.

Mwaka wa pili tukaletewa habari kwamba kuna mkubwa anakuja kutoka Nairobi kukitazama kilima. Nyinyi hamkuona jinsi mkubwa alivyopokelewa siku zile. Kabla hajafika, kila kisichotembea kilipakwa chokaa. Mawe ya kando ya njia, nguzo, mashina ya miti mpaka usawa wa kiuno. Kuku angelala karibu na njia angeamka mweupe. Na wiki hiyohiyo Mzee Wafula akapata habari ya msiba kwao, akaondoka. Aliniachia brashi mbili za mkonge, pipa la chokaa na maneno machache: "Mawe ya njia na miti. Basi."

Alikuwa ameshanifundisha siri ya chokaa: ukitia chumvi konzi moja kwenye ndoo, inashika na mvua haiiondoi upesi. Mimi nikatia mbili. Nilifanya kazi kwa furaha, nikiimba, na Jumanne saa sita mawe yote ya njia na miti yote ilikuwa imekwisha, na pipa lilikuwa limebaki nusu.

Nikatazama huku na huku nione nini hakijapakwa. Lile jiwe kubwa lilikuwa limekaa pale jeusi, kama mtu aliyekuja harusini bila kunawa uso.

Hapa nataka msome polepole. Nilihisi. Upande wa chini wa jiwe, brashi ilianza kurukaruka mkononi mwangu kama baiskeli kwenye njia ya kokoto. Kulikuwa na mikwaruzo. Nilidhani ni ubovu wa jiwe. Nikainama, nikajaza chokaa nzito zaidi, mara ya pili na ya tatu, mpaka brashi ikateleza vizuri. Halafu nikakoroga udongo mwekundu na maji, na juu ya ule weupe nikaandika kwa kidole, herufi kubwa: KARIBU. Nikarudi nyuma hatua kumi kulitazama. Naona aibu kuwaambia jinsi nilivyofurahi.

Jumatano karani wa ofisi alipanda kukagua. Akaliona jiwe akapiga makofi. "Eh, Muthoni! Hii umetoa wapi? Mkubwa atasimama hapa, apigwe picha. Naweka kwa programu." Akaandika palepale. Mkubwa alikuwa anakuja Jumamosi.

Mzee Wafula alirudi Alhamisi asubuhi, vumbi la safari bado kwenye kabuti. Alipanda akitazama mawe ya njia, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika juu. Akaweka mfuko wake chini. Akavua kofia.

"Nani alikuambia upake hiyo?"

"Hakuna, Mzee. Nilifikiri..."

"Ulifikiri."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alikwenda akachuchumaa pale chini nilipojaza chokaa, akapapasa kwa kidole gumba, akaniambia akiwa amenipa mgongo. Wakati wa kuchimba handaki, mdogo wake Cucu Wangeci alikuwa miongoni mwa wachimbaji. Aliitwa Wamuyu. Kila jioni kabla ya kurudishwa kijijini alichora mstari mmoja kwenye jiwe hili kwa ncha ya jembe lililovunjika. Siku moja alianguka kazini asiinuke, akafukiwa mahali fulani kwenye udongo uliokuwa ukitolewa handakini. Wangeci alikuwa akichimba upande wa pili wa kilima. Alipofika aliambiwa imekwisha, rudi kazini. Hakuna aliyemwonyesha mahali. Hakuna kaburi. Kuna ile mistari.

"Alinionyesha mwaka ule nilikuja," Mzee akasema. "Tangu hiyo siku mimi hukata nyasi ya hapa kwa mkono, polepole."

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

Akageuka. "Wewe huongea na miti, Muthoni. Niliogopa utaleta watoto ya shule hapa, mabibi na mabwana, mkitazama kulia."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo sababu iliniuma. Nikakimbia kuchota maji, nikamwaga ndoo mbili. KARIBU ikatiririka chini yote, lakini chokaa ilikaa. Chumvi konzi mbili. Nikachukua jembe ili nikwangue. Mzee akanishika mkono.

"Wacha! Ukikwangua, utaandika yako juu ya yake."

Akalilaza jembe chini. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Maharagwe iko tayari. Nimeona watu wanang'oa njia yote." Nikahesabu kichwani. Leo, kesho, au keshokutwa. Nilikuwa bado nahesabu tuliposikia fimbo ikigonga mawe ya njia.

Alikuwa yeye, na kibuyu chake. Mzee Wafula akaninong'oneza haraka, "Mwambie ni ofisi. Amri ya ofisi, mgeni anakuja. Hatauliza kitu. Watu wa umri yake wamezoea."

Alitaka kuniokoa, na maneno yake yalikuwa ya kweli nusu. Lakini lile neno "wamezoea" sikulikubali. Nilibaki nimesimama kama kisiki. Cucu Wangeci alipumua, akatupita bila kutuona, akafika kwenye jiwe, akanyoosha mkono kwa nyuma jinsi alivyozoea, akakaa. Mkono ukapapasa. Ukashuka, ukapanda. Akainuka akapiga magoti, akapapasa kwa mikono miwili, kutoka pembe hii mpaka pembe ile, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake gizani.

"Si hili," akasema kwa Kikuyu, peke yake. "Nimepotea. Mwaka huu nimepotea kabisa. Macho, sawa, lakini hata miguu?"

Akashika fimbo aanze kutafuta jiwe lingine. Hapo ndipo nilipomsogelea.

"Cucu, hujapotea. Ni hili."

"Ni nani? Ah, msichana wa mlima. Hapana. Langu lina mkono wa mtu."

"Ni hili, Cucu. Nimelipaka chokaa. Ni mimi. Si ofisi. Hakuna aliyeniambia. Niliona ni jeusi."

Mkono wake ulirudi kwenye jiwe. Mikaratusi ilikuwa ikivuma, na chini sokoni mtu alikuwa akinadi viazi. Nilikuwa nikilia, lakini mimi huwa nalia upesi, msilihesabu hilo. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Ulitia chumvi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Nyingi?"

"Konzi mbili kila ndoo."

Akatoa sauti puani, sikujua kama ni kicheko. "Sisi tulitia moja." Akarudi kukaa chini, polepole, akanyoosha miguu. "Pale kambini kwa walinzi pia kulikuwa na wakubwa wa Jumamosi. Ijumaa tulikuwa tunatolewa handakini tupake mawe. Chokaa ilitula vidole. Wamuyu ndiye alikuwa wa kwanza kugundua dawa yake." Akachukua kibuyu akang'oa kizibo, na harufu ya uji uliochacha ikanifikia, ile harufu ya nyumbani kwa mama. "Uji wa siku tatu. Ukinawa nao, chokaa inakubali kutoka. Hakuna sabuni iliyoweza, ni huu tu."

Mzee Wafula alikuwa amesogea, kofia mkononi, asielewe neno. Cucu akasikia viatu vyake, akabadili lugha. Sasa lazima niwaeleze Kiswahili chake. Alikijua mlemle handakini, kutoka kwa walinzi, na hakuna aliyempa maneno mengine baadaye. Kwa hivyo alikuwa na maneno ya amri peke yake.

"Wewe! Leta maji! Pesi pesi!"

Mzee Wafula, nyapara ambaye hata karani alimwogopa kidogo, alikimbia na ndoo.

"Na wewe! Leta magunzi!"

Nikateremka mpaka kwa wauza mahindi nyuma ya soko nikarudi na kikapu cha magunzi. Gunzi halikwaruzi jiwe, linafuta tu. Hilo pia liwekeni kichwani, hakuna brashi ya dukani inayolifikia. Cucu alimwaga uji kidogo kwenye kiganja, akaupaka, akangoja. Chokaa ikaanza kutoa mapovu madogo. "Sasa! Piga! Polepole!" Tukasugua watu watatu, magoti kwenye udongo, Mzee akimwaga maji, mimi na Cucu bega kwa bega. Uji aliouleta kwa ajili ya mdogo wake ukaisha wote. Sijui kama nilimwomba radhi kwa hilo. Nadhani sikumwomba.

Ndipo Mzee akasema, "Muthoni. Angalia."

Weupe ulikuwa umetoka juu ya jiwe, lakini ndani ya mikwaruzo ulikuwa umebaki. Jiwe lilikuwa jeusi tena, na juu yake mistari imejitokeza myeupe kama imeandikwa kwa chaki. Pale chini, mahali brashi iliporukaruka, kulikuwa na mistari tisa iliyolalia upande mmoja. Juu yake kulikuwa na mingine. Kulia mingine. Jiwe zima, mpaka mahali ambapo mimi nisingefika bila kusimama juu ya wilbaro. Mzee alikuwa amelitunza miaka yote hiyo na hakuwahi kuiona zaidi ya ile ya chini.

Aliyekuwa hawezi kuiona ni Cucu tu.

"Nini?" akasema. "Mbona mmenyamaza? Sema!"

"Mama," Mzee akasema, "iko mingi. Imejaa."

"Iko wapi? Sema!"

Nikamweleza kwa Kikuyu. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwongoza mgeni, na sikusema mabibi na mabwana. Nilisema, "Kuna mitano juu kabisa, mirefu." Akafikiri. "Huyo ni nyina wa Kariuki. Alikuwa mrefu kuliko askari, walimchukia kwa hilo." Nikasema, "Hapa kuna mingi sana, midogo, imebanana." Akasema, "Gathoni. Hata shambani alipanda hivyo." Mingine hakujua, akasema sijui. Ile ya chini sikuwa nimeitaja. Akaniuliza mwenyewe, kwa sauti nyingine, "Na inayolala?"

"Inalala kushoto, Cucu. Ni tisa."

"Alitumia mkono wa kushoto," akasema. Akanishika kidole changu cha shahada, akakiingiza kwenye mstari wa kwanza. Kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya Mzee, labda kwa sababu lugha ile ndiyo ya jiwe lile: "Weka mkono. Hesabu."

Nikahesabu. Moja mpaka tisa. Kidole kikaendelea mbele, kikakuta jiwe laini, nikakirudisha.

"Eh," akasema. "Hata mimi hufanya hivyo."

Majina aliyonitajia niliyaandika siku hiyo nyuma ya kitabu cha wageni, pamoja na mahali pa kila mmoja kwenye jiwe. Kitabu kile kiko stoo, juu ya rafu ya tupa, kimefungwa kwenye nailoni. Sasa mnajua kwa nini ile funguo isiyofunga kitu niliikabidhi kwa mikono miwili.

Ijumaa karani alipanda. Sitaandika aliyoyasema, alikuwa na familia, na programu ilikuwa imeshapigwa chapa. Aliniamuru niandike barua ya kueleza. Ilikuwa barua yangu ya kwanza ya kikazi, niliiandika juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Bwana Karani, jiwe nililipaka kwa makosa na nikalisafisha kwa makusudi. Wako mtiifu, Muthoni." Mzee Wafula hakujua kuandika. Akasogea karibu yangu, akasema, "Andika na yangu."

"Niandike nini, Mzee?"

"Andika: Mimi nilijua na sikusema."

Yeye alipewa onyo. Mimi nilipelekwa kufagia soko miezi mitatu, ambako nilijifunza mengi kuhusu kabichi. Na yule mkubwa? Jumamosi ilinyesha tangu asubuhi, gari lake likateleza kwenye njia nyekundu, akapokea nyimbo akiwa chini ya kilima amefunikwa mwavuli, akaenda kula. Hakuliona jiwe, si jeupe wala jeusi.

Chokaa ya kwenye mistari ilikaa kama misimu minne ya mvua, ikafifia. Ofisi ilishauri tuitie rangi ili wageni waone. Nilimuuliza Cucu. Akasema hapana, anayetaka kujua, ainame. Alikuja miaka mingi baada ya hapo, kila wiki ya maharagwe, na tangu mwaka ule alileta vibuyu viwili, kimoja cha Wamuyu na kimoja, alisema, cha ajali. Mzee Wafula alistaafu akarudi kwao na kabuti lake. Aliniachia tupa. Wilbaro nikaitia mafuta siku aliyoondoka, na kabla ya wiki kuisha nilijuta.

Kisha ukaja mwaka ambao maharagwe yaling'olewa yakakauka, na fimbo haikusikika kwenye njia. Mwaka uliofuata alipanda mwanamke wa makamo na kibuyu kimoja. Nilimwacha apumue. Akaniuliza kama hapa kuna msichana wa chokaa. Nilikuwa na mvi tayari. Nikasema ni mimi. Akasema shangazi yake hakuwahi kumwonyesha mahali, alimwambia tu amtafute huyo msichana.

Kwa hivyo, wenzangu, kazi yenyewe ni hii. Mashine yenu isifike pale; kateni kwa slasha, mnoe upande mmoja. Mgeni mkubwa akija, mawe ya njia yanatosha. Na akipanda mtu na kibuyu, msimwonyeshe mlima. Mpelekeni pembeni ya handaki, mvue glavu, mfanye kama nilivyofanya mimi siku ile. Nilimshika yule mwanamke kidole, nikakiweka kwenye mstari wa kwanza, na sauti iliyonitoka haikuwa yangu.

"Weka mkono," nikamwambia. "Hesabu."

Akafika tisa. Kidole chake kikaenda mbele kutafuta wa kumi.